Acheni kufuta mvua ya Same!

Wadau, leo sina salamu ndefu. Nina hasira.

Hapa chuoni kuna ugonjwa wa "ilimradi grafu imetoka". Mtu ana data za mvua, anaandika Python kuanzia kufungua faili hadi kuchora, yote kwenye ukurasa mmoja wa Jupyter, na njiani hahifadhi chochote. Mwishoni anahifadhi juu ya faili lile lile aliloanza nalo. Halafu anatembea kifua mbele!

Mwenzetu mmoja wa Jiografia kafanya hivyo juzi. Zilikuwa tarakimu za mvua zilizonakiliwa kwa mkono kutoka madaftari ya huko Upareni, na baadhi ya siku zilikuwa tupu kwa sababu hakuna aliyepima. Akapiga fillna(0), kisha to_csv kwa jina la zamani. Loh! Siku isiyopimwa imekuwa siku isiyo na mvua, na sasa hakuna wa kuzitenganisha. Masika ya kawaida yameshageuka ukame kwenye karatasi. Nani atapanda tena hadi Chome kunakili upya?

Wapare walishalielewa jambo hili kabla ya kompyuta. Si wana ndiva? Kijito cha mlimani ni chembamba, maji yakiachwa yatiririke yenyewe hayafiki shamba la mbali. Basi usiku mfereji unajaza ndiva, asubuhi wanafungulia, maji yanashuka kwa nguvu. Pale Bangalala hakuna mzee anayepanda hadi kwenye chanzo kila mtu akitaka kumwagilia mahindi. Nyie mnarudi kwenye chanzo kila mkibadilisha rangi ya grafu, tena chanzo chenyewe mmeshakitia tope.

Folda tatu tu zinatosha: ghafi, safi, matokeo. Ya ghafi inasomwa, haiandikwi, hata kama unaona kosa la wazi. Kosa lirekebishe ndani ya programu, mwingine aone ulichofanya.

Eti faili zitajaza diski! Makadirio ya mvua ya CHIRPS, yanayotokana na satelaiti na vituo vya ardhini, ni ya bure na yanaanzia 1981. Kwa sehemu moja, hadi mwisho wa 2025 ni siku 16,436. Ukiweka tarehe na milimita tu, haifiki hata MB moja. Simu zenu zina video ngapi za harusi?

Na huu umeme wetu je? Ukikatika katikati ya kuandika, faili linabaki nusu lakini jina lake ni kamili, nawe kesho unaliamini. Andika kwanza kwa jina la muda, likikamilika ndipo os.replace ilipe jina halisi. Mstari mmoja!

Sisi tunakwenda kufundisha watoto wa watu. Kikundi changu mnanisoma: Jumatatu sitazami grafu ya mtu kabla sijaona folda ya ghafi.