Chonga wetu si wa Asia

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku la wakulima wa minazi wa kijijini kwetu. Mabwana shamba wa wilaya walikuja na amri kwamba kila mwenye lundo la samadi alisambaze au alifukie, la sivyo atatozwa faini. Eti ndiko chonga anakozaliana. Kwenye karatasi walizotugawia, mdudu aliyeandikwa jina si chonga wa pwani hii, ni ndugu yake wa Asia.

Kuwachanganya si ajabu. Wote ni weusi, wana pembe, na wote huutoboa moyo wa mnazi usiku, kuti likaja kuchanua likiwa limekatwa pembetatu. Hata chambo cha harufu kinachomnasa mmoja humnasa na mwenzake. Lakini yule wa Asia, aliyeingia Samoa mwaka 1909 na kuonekana Guam mwaka 2007, hustawi sana kwenye samadi, mboji na unga wa mbao, mbali na magogo. Wa kwetu maskani yake makuu ni mnazi uliokufa, ukiwemo ule ambao bado umesimama. Upasue uone mabuu meupe, manene, yaliyojikunja humo ndani.

Na minazi ya namna hiyo tunayo tele. Ugonjwa wa kunyong'onyea umeiua, ikabaki mikavu bila kilele kama nguzo za umeme zisizo na waya. Mingi imo katika shamba kubwa lililotelekezwa pembeni mwa kijiji. Miche yetu iliyo jirani na shamba hilo ndiyo inayotobolewa kwanza, na ikifikiwa kwenye kichipukizi hufa. Mabwana shamba hao walipita katikati ya shamba hilo wakija kuhesabu marundo yetu ya samadi!

Sipingi samadi kupinduliwa mara kwa mara. Huyo wa Asia siku akitua bandarini kwetu, maana Mauritius yupo zamani, tutakaa tuizungumze upya. Kwa sasa samadi ndiyo mbolea pekee tunayoimudu.

Tunaomba faini ifutwe, na mwenye shamba lile aamriwe kuikata minazi mikavu, kuipasua na kuichoma. Akishindwa, tupewe kibali tuikate wenyewe. Msumeno wa kukodi upo. Kinachokosekana ni ruhusa ya kuingia.

Mkulima wa minazi,
Pwani