Jahazi la Plastiki na Riziki ya Mafundi wa Lamu

Itakumbukwa kwamba mnamo Septemba 2018 kiliteremshwa majini huko Lamu chombo ambacho hakijapata kuonekana katika pwani yetu. Kilikuwa jahazi dogo la urefu wa mita 9 hivi, lililoundwa kwa taka za plastiki na kuvikwa ubavuni maelfu ya vipande vya ndara zilizookotwa ufuoni. Waliolibuni, watu wa mradi usiokusudia faida, waliliita Flipflopi. Mwanzoni mwa mwaka 2019 likatweka tanga na kushika njia ya Unguja, safari ya kilomita 500, likitia nanga hapa na pale ili watu wahimizwe kuacha kuichafua bahari. Mwaka 2021 chombo hicho kilifika hata Ziwa Viktoria.

Wengi walishangilia rangi zake. Ni wachache waliotazama mikono iliyokiunda. Fundi mkuu, Bwana Ali Skanda, ni mwana wa Lamu, na elimu aliyoitumia ni ile ile ya wazee wake: mkuku hutangulia, kisha mataruma, kisha mbao za ubavuni. Plastiki ilisagwa, ikayeyushwa na kumiminwa, na ilipoganda ikachongwa kama mti. Kitu kigeni kilikuwa mali ghafi tu.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Twasikia mara kwa mara kwamba ufundi wa majahazi, pale Lamu mjini na kule Matondoni, unatoweka kwa sababu vijana ni wavivu. Hiyo ni lawama rahisi ya wazee, nasi tunaokaribia uzee twaipenda. Ukweli ni kwamba fundi amekosa mbao na amekosa mnunuzi. Mbambakofi imeadimika. Februari 2018, miezi michache tu kabla ya jahazi lile kuteremshwa, Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na wakataji mikoko wa Lamu wakajikuta hawana kazi. Kuihifadhi misitu ni jambo la haki. Lakini aliyeishi kwa msitu huo hakuonyeshwa njia nyingine ya kula.

Mradi huu ulimwonyesha njia moja. Baadaye ulianzisha papo hapo Lamu mahali pa kugeuza taka za plastiki kuwa mbao, na vijana hufunzwa uundaji wa vyombo. Hilo lastahili sifa kuliko safari zote za jahazi lenyewe.

Walakini shirika la hisani haliwezi kuwa mnunuzi wa daima. Kijana akihitimu leo, kesho atamwundia nani mashua? Mnamo Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.7 na zaidi, kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya. Katika maelewano yaliyofuata ilikubaliwa kwamba sehemu ya fidia hiyo itolewe kwa vifaa vya uvuvi badala ya fedha taslimu. Ikiwa boti za wavuvi zitaagizwa tayari kutoka kiwanda cha mbali, basi mvuvi atafidiwa na jirani yake fundi atazikwa, kwa fedha zile zile.

Wakuu wa kaunti hawana haja ya kungoja wafadhili. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inaitaka kila kaunti itenge angalau asilimia 20 ya ununuzi wake kwa wakazi wake. Kaunti ya Lamu hununua madawati, viti vya zahanati na milango ya ofisi. Hivyo vyote vyaweza kuchongwa Lamu, kwa mbao za plastiki iliyookotwa Lamu, na mashua za doria vilevile. Zabuni zijazo na ziandikwe hivyo.