"Punguza Mawazo" Si Dawa

Ndugu wafanya kazi,

Mimi si daktari. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, kisha reli. Lakini yaliyonipata mwaka 2021 yanipa ruhusa ya kusema machache.

Mwaka ule niliugua korona. Homa ilikaa siku kumi ikaenda zake, nikarudi kazini, na kila mtu aliniona mzima. Hapo ndipo ugonjwa wa pili ulipoanza. Saa nane za usiku moyo wapiga kama nyundo, jasho latoka, nangojea kufa. Mchana sitaki chakula wala maneno ya mtu. Siku moja nilisimama penye pointi za reli, machozi yakanitoka, wala sikujua nalilia nini. Mkubwa mmoja aliniandika mvivu. Wenzangu, kwa huruma, waliniambia: "Una presha, ndugu. Punguza mawazo."

Neno hili presha limetuchanganya sana. Hofu, madeni na makelele ya wakubwa twaviita presha. Na nguvu ya damu inayosukuma mishipa nayo twaiita presha. Ni vitu viwili. Anayedhani ni kimoja hukaa akingoja mawazo yapungue, wala haendi kupimwa.

Huzuni na hofu baada ya homa ya virusi si jambo geni. Madaktari wa Uingereza waliandika habari zake baada ya mafua makuu yaliyoanza mwaka 1889. (Mafua ya mwaka 1918 sisi wa reli twayajua: yaliingia Mombasa kwa meli, yakapanda bara kwa gari la moshi.) Mwaka 2021 wataalamu wa Oxford walitazama majalada ya wagonjwa wa korona zaidi ya 230,000, wengi wao wa Marekani. Katika miezi sita, watu 17 katika kila 100 walikuwa wameandikiwa ugonjwa wa hofu. Kweli, wengine walikuwa nao tangu zamani, lakini hesabu ilizidi ile ya waliougua mafua ya kawaida. Je, hao wote ni wavivu?

Nilipokwenda kliniki, muuguzi alinipima akapata 160 kwa 100. Ukifika 140 kwa 90 mara kwa mara, hiyo ni presha ya damu. Akaniuliza, "Na mzee wako je?" Baba yangu alianguka kwa kiharusi, mkono mmoja ukafa. Nyumbani tulisema amerogwa kwa ajili ya shamba. Kumbe damu yake ilikuwa ikipanda miaka mingi, naye hakupimwa hata mara moja.

Presha hurithiwa, lakini si kwa jeni moja. Wataalamu wamekwisha kuona mahali zaidi ya 1,000 katika urithi wetu panapohusika, na kila pamoja hupandisha kidogo mno. Ni kama abiria ndani ya behewa: mmoja si mzigo, lakini wakijaa wote springi hulala. Juu yake weka chumvi, pombe, unene na kukosa usingizi. Basi aliyerithi hana kosa, naye akimeza dawa na kupunguza chumvi damu yake hushuka.

Sasa nataka chama kifanye nini? Kidai mashine ya kupima presha katika kila stesheni kubwa. Tena Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yatupa siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, ukiwa umetumika miezi miwili mfululizo na una barua ya daktari. Haikusema ugonjwa uwe wa kifua au wa tumbo tu. Barua ya daktari wa akili ikubaliwe kama nyingine.

Na hili ndilo linaloniogopesha zaidi. Dereva akisema hapati usingizi, anajua ataondolewa kwenye injini na posho yake itakwenda. Basi hunyamaza, akavuta mabehewa yaliyojaa watu. Mtu kama huyo apewe kazi nyepesi mpaka apone, wala mshahara wake usiguswe.

Mimi nameza kidonge kila asubuhi; ile hofu ilinichukua miezi tisa kuishinda. Katika mkutano ujao wa tawi letu nitasimama kuyauliza haya. Anayeniunga mkono na asimame nami.

Mfanya kazi wa reli