Afya Nyumbani: Damu Isipofika Jichoni

Majuzi mzee mmoja wa hapa Ufipa alikuja ofisini kuandikisha ubatizo wa mjukuu wake. Jina kitabuni alilisoma vizuri, lakini kiti kilichokuwa ubavuni pake hakukiona, akajikwaa na kuanguka. Akasema, "Karani mwanangu, wamenifunga macho." Watu wa mbali hututania sisi wa Sumbawanga kwa uchawi, nasi wenyewe tu wepesi wa kuutaja. Nilimsihi aende hospitali. Kumbe ni glakoma, ile wengi waitayo presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha.

Ndani ya jicho hutengenezwa maji, nayo hutoka kwa vijia vyembamba. Vijia vikiziba, maji hujaa, jicho likakaza kama gurudumu la baiskeli lililojazwa mno. Nyuma yake uko mshipa wa fahamu, wenye nyuzi zaidi ya milioni 1, upelekao habari kwenye ubongo. Nyuzi hizo hulishwa na vijishipa vya damu, na damu haiingii ila ikiwa na nguvu kuishinda presha ya jicho. Kanyaga mpira wa kumwagilia bustani uone maji yanavyopungua mbele. Nyuzi zikikosa damu hufa, na kwa kawaida mtu huanza kupoteza kuona kwa pembeni.

Lakini wako wagonjwa ambao presha ya jicho lao ni ya kawaida, nao hupofuka vilevile. Madaktari wameona kwa wengi wao vijishipa vimekuwa vyembamba na damu yapita kidogo. Kama hicho ndicho chanzo au ni matokeo, wataalamu bado wanabishana. Hata hivyo, usiku presha ya damu hushuka, na mtu akilala presha ya jicho hupanda. Basi anayemeza vidonge vya presha amwambie daktari wa macho. Asiviache kwa shauri lake mwenyewe! Kiharusi nacho hakina huruma.

Msidhani ugonjwa huu ni wa mbali. Uchunguzi wa vijijini Kongwa, mkoa wa Dodoma, uliotangazwa mwaka 2000, ulikuta watu 4 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi wanao.

Mzee wetu alikuwa amengoja miaka miwili, akidhani ni mtoto wa jicho, apasuliwe akikomaa. Mtoto wa jicho huondolewa, mtu akaona tena. Glakoma sivyo: matone na upasuaji hulinda kilichobaki tu.

Ugonjwa hufuata ukoo. Mdogo wake, asiyeumwa kitu, alipimwa naye akakutwa nao, ila mapema. Daktari alimwuliza kwanza kama ana pumu, maana matone mengine huziba pumzi. Sasa hutia dawa kila jioni. Chupa huiweka juu ya redio, kwa kuwa taarifa ya habari ya saa mbili haikosi.