Tai shingoni, presha kichwani

Hapa chuoni ukimuuliza mtu wa BCom akimaliza anataka kwenda wapi, jibu ni benki tu. Kiyoyozi, tai, mshahara wa uhakika, na kusahau kabisa habari za kusubiri bumu. Sawa, ila kuna upande wa pili ambao hatuuongelei.

Mtu wa dirishani anahesabu pesa za watu kutwa nzima, foleni haikatiki, na jioni hesabu lazima ilingane. Ikipungua, ana kazi ya kujieleza. Mwenzake wa mikopo kapewa malengo ya mwezi: akaunti kadhaa, wakopaji kadhaa, na ole wake mikopo ikigeuka chechefu.

Mabosi wengi wanaamini ukimkaza mtu ndio anazalisha. Kuna ukweli, ila nusu. Yerkes na Dodson, wanasaikolojia wa Marekani, walilichunguza hili kwa panya mwaka 1908: msukumo kiasi unasaidia, lakini kazi ikiwa ngumu, msukumo ukizidi ufanisi unashuka. Sasa kukagua maombi ya mkopo ni kazi ya kutuliza akili. Ukimkimbiza anayeifanya, anapitisha tu.

Mfano hai ni Wells Fargo ya Marekani. Wafanyakazi walibanwa kuuza, lengo likiwa kila mteja awe na bidhaa nane za benki. Nane jamani! Matokeo yake wakaanza kufungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwaka 2016 benki ikapigwa faini ya dola milioni 185, na ikajulikana wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa. Mwaka 2020 ikakubali kulipa dola bilioni 3 kumaliza kesi. Kwenye makaratasi wale watu walikuwa wachapakazi hodari, kumbe namba zilikuwa hewa.

Ndio maana nakataa ile kauli ya "asiyeweza presha aache kazi". Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi kunatokana na msongo wa kazini usiosimamiwa vizuri. Yaani usimamizi nao una kesi ya kujibu, sio mfanyakazi peke yake.

Hapa kwetu sheria ya ajira ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Wangapi kati yetu tunaijua hiyo? Tunakariri mizania mpaka usiku wa manane, haki zetu hatuzijui.

Kwa hiyo siku ukiitwa kwenye usaili, usiishie kuuliza mshahara. Uliza malengo yanapangwaje, na usipoyafikia inakuwaje. Na wewe utakayekuwa meneja wa tawi, kumbuka mtu aliyechoka anakosea, na anayeogopa anadanganya. Vyote viwili benki inavilipia.

Nawasilisha.