Njia Kwanza, Nyumba Baadaye

Usalama wa raia katika makaazi yao ni jambo linalozungumzwa sana visiwani kwetu, na ni haki lizungumzwe. Vikao vya ulinzi shirikishi hufanywa katika shehia, vijana hujitolea kulinda mitaa usiku, na askari polisi wamepangiwa shehia za kuzihudumia. Hayo yote ni mema, nasi tunayaunga mkono. Lakini mazungumzo ya vikao hivyo aghalabu huishia kwa mwizi, mvuta bangi na mgeni asiyejulikana alikotoka. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali jepesi kuliko hayo: nyumba ikishika moto usiku wa leo, gari ya zimamoto itapita wapi?

Katika sehemu kubwa ya mitaa mipya ya Mkoa wa Mjini Magharibi jawabu ni kwamba haitapita. Itafika barabarani, itasimama mbele ya duka la kona, na askari wa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi watashuka na kukimbia kwa miguu na mipira yao kuufuata moshi. Pahala pengine mpira utafika. Pahala pengi hautafika. Gari ya wagonjwa nayo husimama hapo hapo, ndiyo maana mama aliyeshikwa na uchungu hubebwa kwa kiti hadi barabarani au hupakiwa kwenye bodaboda, jambo ambalo hakuna mkunga atakayelisifu. Gari ya taka haiingii kabisa. Taka zisipochukuliwa hutafuta pa kwenda zenyewe, na pa kwenda ni mtaroni na bondeni.

Inafaa tuangalie hesabu kabla ya kutafuta wa kulaumiwa. Kwa sensa ya mwaka 2022 Zanzibar nzima ilikuwa na watu 1,889,773, na kati yao 893,169, yaani karibu nusu, walikuwa katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Katika sensa ya mwaka 2012 mkoa huo ulikuwa na watu 593,678. Kwa hiyo ndani ya miaka 10 mkoa mmoja uliongezeka watu wanaokaribia laki tatu. Watu hao hawakukaa Mjini. Wilaya ya Mjini ilipungua kidogo, kutoka watu 223,033 hadi 219,007. Ongezeko lote lilikwenda Magharibi, ambayo mwaka 2012, kabla ya kugawanywa kuwa wilaya mbili za A na B, ilikuwa na watu 370,645, na mwaka 2022 wilaya hizo mbili zilikuwa na watu 674,162. Mji wetu umehama. Kilichobaki Mjini ni ofisi, soko na jina. Wanaolala, wanaopika na wanaozaa wako Fuoni, Kwarara, Tomondo, Kianga na kwengineko.

Wamejenga juu ya nini? Kwa sehemu kubwa, juu ya mashamba. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ilitangazwa kuwa mali ya umma, na wakulima wakapewa eka tatu tatu ili walime na kuishi kwa jasho lao. Eka hizo hazikutolewa zikatwe vipande na kuuzwa. Lakini mji uliposogea, watoto wa mkulima wakawa wengi, karafuu na minazi ikawa haitoshi kuwalisha, na mnunuzi akasimama mlangoni na fedha taslimu mkononi. Shamba likapimwa kwa kamba na hatua za miguu. Kila futi iliyoachwa kuwa njia ilionekana kuwa futi iliyopotea, na mwenye kununua naye, akishapata kipande chake, alijenga hadi mwisho wa mpaka, kisha akaongeza baraza na ngazi nje yake.

Hasara hiyo inayoogopwa hebu tuipime. Eka tatu ni kiasi cha mita za mraba 12,100, sawa na uwanja wenye mita 110 kila upande. Ukikatwa wote kuwa viwanja vya mita za mraba 400 bila ya kuacha njia yoyote, hutoka viwanja 30. Zikiachwa njia mbili za upana wa mita 6, zinazotoka upande mmoja hadi wa pili, zitakula mita za mraba 1,320, yaani viwanja vitatu na kidogo. Kila nyumba itakuwa na njia mbele yake, gari ya zimamoto itaingia upande mmoja na kutokea wa pili, na viwanja vilivyobaki vitapanda bei kwa kuwa vina njia. Muuzaji hapotezi kitu. Tena mwenye busara angefaidika. Lakini muuzaji mmoja mmoja hawezi kuliona hilo, kwa sababu njia yake ikifika mpakani hukuta ukuta wa choo cha jirani ambaye yeye hakuacha kitu. Hapo ndipo inapotakiwa mamlaka.

Tusisingizie kwamba mji huu ulikosa ramani. Mwaka 1923 ilitoka ramani ya mtaalamu wa Kiingereza, Lanchester. Mwaka 1958 ikaja ya Kendall. Mwaka 1968 walikuja wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na alama ya kazi yao ni nyumba za maendeleo za Michenzani ambazo kila mtu anaziona, pamoja na barabara zake pana ambazo wengi wetu hatuzitaji. Mwaka 1982 ikatengenezwa ramani nyingine kwa msaada wa wataalamu wa China. Ramani zimo makabatini. Kilichopungua ni mtu wa kusimama shambani siku ile kamba inapofungwa.

Wapo wanaosema: Mji Mkongwe una vichochoro ambavyo hata mikokoteni miwili haipishani, na watu wameishi humo kwa karne nzima. Hoja hii tunaisikia mara nyingi na haikosi uzito. Lakini kichochoro cha Mji Mkongwe hutokea kwenye kichochoro kingine, na hicho hutokea uwanjani au barabarani. Kuta ni nene, za mawe na chokaa. Na kila aliyejenga alijua kwamba jeneza na punda wenye mizigo sharti wapite. Njia ya Kwarara au ya Kinuni huanza na mita tatu, huwa mbili, kisha hufia kwenye ukuta wa matofali. Zaidi ya hayo, siku hizi nyumba nyingi zimo mitungi ya gesi ya kupikia. Gesi ni bora kuliko makaa kwa misitu yetu na kwa vifua vya mama zetu, ila moto wake haungoji mtu alete ndoo kutoka kisimani. Na hata Mji Mkongwe usichukuliwe kuwa umesalimika. Siku ya tarehe 25 Disemba 2020 ilipoanguka sehemu ya Beit al-Ajaib na watu wawili wakafariki, waokoaji walikuwa na barabara pana ya pwani mbele yao ya kuingizia magari na mitambo. Nyumba nyingine nyingi chakavu ziko ndani kabisa ya vichochoro, na zina watu.

Njia ya maji ndiyo ndugu ya njia ya gari, na yote mawili yamezibwa na mkono mmoja. Wazee wetu waliita pahala kwa jinsi palivyokuwa: Ziwani, Mtoni, Chemchem, Darajani. Darajani palikuwa na daraja kwa sababu palikuwa na maji, yaani ile pwani iliyoutenga Mji Mkongwe na upande wa pili ulioitwa Ng'ambo, na ambayo ilifukiwa pole pole katika karne iliyopita. Aliyeijua historia hiyo hakushangaa kuyaona maji ya masika yakirudi sokoni. Kwa miaka mingi barabara ya Mwanakwerekwe nayo ilikuwa ikifungwa na maji kila masika, na abiria wakivuliwa viatu. Serikali haikukaa kimya. Kwa Mradi wa Huduma za Miji, uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia tangu mwaka 2011, ilijengwa mitaro mikubwa ya kuyapeleka maji ya mvua baharini. Fedha hizo ni deni la wajukuu wetu. Pamoja na hayo, mtaro ukimalizika Jumamosi, Jumapili wapo wanaoufanya jaa, na wa tatu anajenga ukuta juu ya mdomo wake kwa kuwa ameona uwazi.

Maji yaliyokosa pa kupita huingia katika mashimo ya vyoo, na yakitoka humo huingia visimani. Hapana haja ya kueleza kinachofuata. Daktari James Christie, aliyekuwapo hapa wakati wa kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kikatoka mwaka 1876. Mripuko ulioanza Septemba 2015 ukaendelea mwaka 2016 ulitukumbusha kwamba kitabu hicho hakijapitwa na wakati. Wanaokwenda kutia dawa visimani na kuzipulizia nyumba ni watumishi wale wale wa afya ambao nao gari yao inaishia dukani kwenye kona.

Sasa tuseme na wahusika. Mwenye ufunguo wa jambo hili si waziri wala mkurugenzi. Ni sheha. Kipande cha ardhi kinapouzwa, muuzaji na mnunuzi huandikiana karatasi na kwenda nayo kwa sheha awe shahidi, na karatasi hiyo ndiyo humpa mnunuzi ujasiri wa kuleta matofali. Kwa maoni yetu masheha wote wa Magharibi A na B waagizwe, kwa maandishi na si kwa maneno ya mkutanoni, wasishuhudie mauzo ya kipande chochote mpaka wafike wenyewe na kuona kwamba imeachwa njia isiyopungua mita 6 na kwamba kipande hakimo katika mkondo wa maji. Sheha apewe futi ya kupimia, apewe ramani ya shehia yake inayoonyesha mikondo hiyo, na apewe ulinzi wa wakubwa wake siku atakapomkatalia mtu mwenye nguvu. Bila ya hilo la mwisho mengine yote ni bure. Sheha anakaa mtaani humo humo. Hawezi kuachwa peke yake agombane na mwenye gari la kioo cheusi.

Na hapa hatuna budi kusema wazi. Wanaoziba njia si maskini tu. Katika baadhi ya mitaa, aliyeziba ni mtu aliyesoma, mwenye cheo, aliyejenga fensi yake ikala nusu ya njia na kupanda maua nje yake ikala nusu iliyobaki. Jirani zake wanamwona kila siku akitoka kwenda kazini kuwahudumia wananchi. Sheria ikianza kwa huyo, mwenye kibanda cha makuti atausogeza mwenyewe ukuta wake pasi na kuambiwa.

Kwa upande wa mabaraza ya manispaa na Kamisheni ya Ardhi, tunaomba iachwe ile desturi ya kufika nyumba ikishaezekwa na kupaka alama ya X nyekundu ukutani. Mtu aliyejenga kidogo kidogo kwa miaka saba, kwa mshahara na upatu wa mkewe, akipakwa alama siku anayohamia amefanyiwa ukatili, hata kama amekosa. Kosa lilikuwapo siku ya kuchimba msingi, na siku hiyo afisa hakuonekana. Mkaguzi akipita kila shehia mara moja kwa mwezi akitafuta misingi mipya tu, ataokoa nyumba nyingi zaidi kuliko tingatinga litakavyozivunja. Pale ambapo nyumba ilikwishasimama na njia haina budi kupita, alipwe fidia ya haki na kwa wakati, maana ahadi ya fidia isiyolipwa ndiyo inayowafanya majirani zake waungane kukataa njia isipite.

Kamati za maafa za shehia zipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015. Zisikutane tu baada ya mvua kwa kuhesabu magodoro. Nao vijana wa ulinzi shirikishi, ambao usiku hupita kila kona, wanajua kuliko ofisi yoyote ni wapi njia imezibwa, taa gani haiwaki na mtaro upi umejaa. Waulizwe, na wanachokisema kiandikwe. Na ndugu zetu wa Chake Chake, Wete na Mkoani, ambako viwanja vingi bado vina nafasi, wasingoje yawakute haya ndipo wafunge kamba.

Tunatoa rai moja ya kuanzia. Kabla ya masika yajayo, kila sheha wa Magharibi A na B apande gari ya zimamoto pamoja na dereva wake na diwani wa eneo, wazunguke shehia nzima mchana kweupe. Iwe gari ile ile kubwa yenye tangi la maji, si gari ndogo ya ofisi. Kila itakapokwama, pawekwe alama, jina la mwenye kizuizi liandikwe hata likiwa la nani, na kikao cha wakaazi kiitwe hapo hapo palipokwama gari, siyo ofisini.