Dohani Isiyofagiliwa

Katika milima ya Usambara, penye ukungu na mvua nyingi, ziko nyumba zenye dohani za kutolea moshi. Wengine hudhani kwamba maadamu moshi watoka, dohani ni salama. Sivyo. Kuni zenye unyevu haziwaki vema. Moshi wake huganda ndani ya dohani, ukawa masizi mazito kama lami, nayo yaweza kushika moto na kuteketeza nyumba. Tena dohani ikiziba, hewa yenye sumu hurudi chumbani. Haina harufu, aliyelala hufa asijue. Basi yafaa dohani ikaguliwe na kufagiliwa kila mwaka kabla ya majira ya baridi. Kufagia ni kazi ya siku moja. Uhai ukipotea haurudi.